Bustani ya Kijapani ya Portland: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mgeni anayefikia kwangu Portland, awe ametoka Mombasa kusalimia au awe wa familia ya Kikongo iliyoingia mwezi uliopita kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, siku moja lazima nimpandishe kilimani Washington Park akaione Bustani ya Kijapani. Maswali yao yanafanana mno. Nimeyakusanya hapa, nikianza na ya mtu asiyeijua kabisa na kumalizia na ya yule aliyekwishakwenda mara tatu na bado kuna jambo linamkereketa. Bei na saa za kufungua sikuziandika, kwa sababu hubadilika. Ziangalie kwenye tovuti yao kabla hujatoka nyumbani.

## Ya kuanzia

Hii bustani iko wapi, na ni kitu gani hasa?

Iko kwenye vilima vya magharibi mwa jiji la Portland, jimbo la Oregon, Marekani, hatua chache juu ya bustani maarufu ya waridi. Si shamba la maua, wala si uwanja wa kupumzikia wenye nyasi za kutandika mkeka. Ni bustani kadhaa zilizounganishwa na njia, kila moja kwa mtindo wake: ya kutembea kuzunguka mabwawa, ya chai, ya changarawe na mawe, ya asili inayofuata mteremko wa msitu, na ile tambarare ambayo huingii ndani yake, unaitazama ukiwa umeketi. Hizo tano ndizo za mwanzo, nazo zilikuwa kwenye ekari 5.5. Upanuzi uliofunguliwa mwaka 2017 ulifikisha eneo lote ekari 12 na kuongeza majengo ya mafunzo na maonyesho yaliyosanifiwa na Kengo Kuma, ambaye pia ana mkono katika uwanja wa taifa wa Tokyo uliotumika kwenye Olimpiki.

Nani aliibuni? Ni Wajapani kweli?

Mchoro ni wa Profesa Takuma Tono wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Tokyo, aliyekabidhiwa kazi hiyo mwaka 1963. Watu walianza kuruhusiwa kuingia mwaka 1967. Hapo awali palikuwa na bustani ya wanyama, kabla haijahamishiwa upande mwingine wa Washington Park. Kwa miaka mingi ya mwanzo msimamizi alikuwa fundi aliyeletwa kutoka Japani. Akimaliza muda wake, alikuja mwingine, na kila mmoja aliacha alama ya mkono wake.

Ukifika kwenye bustani ya mabwawa, tafuta mnara wa mawe wenye paa tano. Ni zawadi ya jiji la Sapporo, lenye udugu na Portland tangu 1959. Wageni wengi huupiga picha na kuendelea na safari. Wewe inama, uangalie miguuni pake. Mawe ya chini yamepangwa kwa umbo la kisiwa cha Hokkaido, na moja jekundu linaonyesha mahali Sapporo ilipo.

Kwa nini Portland, tena miaka michache tu baada ya Vita vya Pili vya Dunia?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, na ndilo ninalopenda kulijibu kwa urefu. Februari 1942, Rais Franklin Roosevelt alitia saini amri namba 9066. Kwa amri hiyo, watu wenye asili ya Japani zaidi ya 110,000 waliondolewa kwenye pwani ya magharibi ya Marekani, wengi wao wakiwa raia waliozaliwa nchini humo. Wa Portland walikusanywa kwanza kwenye majengo ya maonyesho ya mifugo kaskazini mwa jiji. Mbao zilitandikwa juu ya samadi, familia zikalala pale yalipokuwa mazizi ya ng'ombe. Kisha wengi wakapelekwa kambi ya Minidoka, huko Idaho.

Miaka ishirini na moja baadaye jiji hilohilo likatenga ardhi yake nzuri kuliko zote, yenye kuona mpaka mlima Hood, kwa ajili ya bustani ya Kijapani. Waliolisukuma jambo hilo walitaka raia wa nchi mbili zilizouana wapate mahali pa kukaa kimya pamoja. Mzee mmoja wa Fizi, Kongo, nilipomsimulia haya aliketi kwenye benchi muda mrefu, halafu akaniuliza kama wale watu waliporudi walizikuta nyumba zao. Wengi hawakuzikuta. Alitikisa kichwa, tukaendelea kupanda.

## Kabla ya kwenda

Nitafikaje bila gari?

Kutoka katikati ya jiji panda basi linalokwenda Washington Park. Ukichukua treni ya MAX hadi kituo cha Washington Park, jua kwamba kituo kiko karibu na bustani ya wanyama, siyo hapa. Kutoka pale unahitaji basi dogo la Washington Park. Watoto lakini hukipenda kituo hicho, maana kipo kama mita 79 chini ya ardhi na lifti yake inachukua muda wake kupanda. Ukiwa na gari, maegesho ni ya kulipia na mwisho wa juma hujaa mapema.

Tiketi ni ghali. Kweli inafaa?

Kwa familia ya watu sita ni pesa nyingi, sitakudanganya. Uliza dirishani kama kuna punguzo kwa wenye kadi ya msaada wa chakula, kwa wazee na kwa wanafunzi. La pili: ukiwa na nusu saa tu, baki na pesa zako, nenda siku nyingine. Saa mbili ndizo zinazoanza kulipa gharama. Sababu yake utaiona kwenye jibu la mwisho kabisa.

Niende mwezi gani?

Maua ya sakura (mcheri wa Kijapani) huchanua mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili. Maua ya airisi pembeni ya daraja la mbao huja majira ya joto yanapokaribia. Majani ya mepo (mti uitwao *maple* kwa Kiingereza) huwa mekundu na ya rangi ya chungwa mwishoni mwa Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba, na hapo ndipo watu hufurika.

Ukiniuliza mimi, nenda Februari, siku ya kazi, asubuhi, mvua ikinyunya. Najua kwamba mtu wa kwetu akiona mvua anaahirisha safari. Portland ukiahirisha kwa ajili ya mvua hutatoka ndani kuanzia Oktoba hadi Mei. Na ni mvua hiyo inayowasha kuvumwani, ule ujani laini kama zulia unaoshika mawe na mizizi. Siku kavu umefifia kidogo. Siku ya manyunyu unang'aa kana kwamba taa imewekwa chini yake. Mawe nayo yakilowa hutoa rangi zake za ndani, na ndiyo maana mafundi wa bustani ya chai wana desturi ya kunyunyizia maji njia kabla mgeni hajafika. Portland, mbingu hufanya kazi hiyo bure.

Je, wazee, watoto na mtu wa kiti cha magurudumu watamudu?

Kutoka lango la chini hadi juu kuna mwinuko wenye kona nyingi, lakini lipo gari dogo la kupandisha wasioweza. Omba, usione haya. Juu, sehemu ya uwanja na bustani tambarare zinapitika vizuri kwa magurudumu. Bustani ya asili ni ngazi za mawe na haipitiki, hata kwa kigari cha mtoto. Mama mkwe wangu ana magoti mabaya. Yeye huwa tunamwacha barazani (tazama jibu la mwisho) na hajawahi kulalamika.

Watoto waende. Hawahitaji kunyamaza kama wako kanisani, wasikimbie tu na wasikanyage kuvumwani. Wape kazi: watafute kobe wa jiwe, wahesabu taa za mawe, wasikilize mwanzi unaojaa maji, unainama, unarudi na kugonga jiwe. Mwanzi huo asili yake ni chombo cha mkulima cha kufukuzia wanyama shambani. Mtoto wa shamba akielezwa hivyo anaelewa papo hapo.

Nitavua viatu?

Njiani hapana. Viatu huvuliwa unapoingia kwenye nyumba yenye mikeka ya tatami, na siku za kawaida mgeni haingii humo. Vaa viatu visivyoteleza. Visigino virefu vitakutesa kwenye mawe ya kukanyagia.

Naruhusiwa kupiga picha?

Za kwako mwenyewe, kwa simu au kamera ya mkononi, ndiyo. Stendi ya miguu mitatu na droni hapana, na picha za harusi au za biashara zinahitaji kibali kwanza. Msiende na bibi harusi na wapambe wanane mkidhani mtajieleza mlangoni.

Halafu kuna ule mti. Umeuona kwenye kalenda na kwenye simu za watu: mepo wenye matawi yanayojisokota kama mishipa ya mkono, majani yakiwaka moto juu yake. Wageni hudhani ni mti mkubwa. Unafika, unaupita, kwa sababu ni mfupi, umekaa pembeni ya mteremko juu ya bwawa. Picha zile zote zimepigwa na mtu aliyechuchumaa karibu na ardhi, akitazama juu kupitia matawi. Oktoba kuna foleni ya kuchuchumaa. Subiri zamu yako, na ukishapiga, weka simu mfukoni uuangalie tena kwa macho kabla hujampisha wa nyuma.

## Ukiwa ndani

Mbona hakuna maua?

Yapo, kwa wiki chache kila mwaka, halafu yanaondoka. Bustani hii haikujengwa juu ya maua. Imejengwa juu ya vitu vitatu visivyoondoka: mawe, maji na mimea ya kijani. Fundi akiweka jiwe mahali pake ndipo anajua mti utakaa wapi, wala hafanyi kinyume chake. Ua likija linapokelewa kama mgeni: linashangiliwa hasa kwa kuwa litaondoka. Wajapani wana sherehe za kukaa chini ya sakura kwa siku zile chache, na petali zikianza kuanguka wanahesabu nazo ni sehemu ya sherehe.

Ile mistari kwenye changarawe ni ya nini? Nani anaichora?

Changarawe ni maji. Mistari iliyonyooka ni bahari iliyotulia, na miduara inayozunguka jiwe ni mawimbi yanayogonga kisiwa. Mtindo huu unaitwa *karesansui*, yaani milima na maji makavu, na ulikua kwenye mahekalu ya Zen, tawi la dini ya Kibudha, huko Kyoto.

Mimi nililelewa kwenye nyumba yenye uwanja wa udongo. Bibi yangu alifagia alfajiri kwa ufagio wa njukuti, akirudi nyuma hatua kwa hatua, na tulipoamka tulikuta uwanja una mistari ya mkono wake, hakuna hata unyayo. Kwa hiyo siku ya kwanza kumwona fundi wa Portland akivuta reki, moyo wangu ulishtuka. Ni mwendo uleule. Kwanza anaokota majani yaliyodondoka. Kisha anarudi nyuma taratibu, reki ya mbao yenye meno mapana ikizama kwenye changarawe kwa uzito ule ule, ili kila hatua yake ifutwe na reki yenyewe. Kwenye kona ya jiwe anabadilisha mkono, anazungusha, anaacha mduara, halafu anatafuta njia ya kutoka bila kuacha alama. Mvua kubwa ikinyesha, au kindi akipita, anaanza upya. Hakuna siku atakayosema imekwisha.

Ukiuelewa uwanja wa bibi yangu, nusu ya bustani hii umeshaielewa. Wenyeji wake wanautafuta uzuri katika kutunzwa kila siku. Kujengwa ni mwanzo tu. Ukiona msonobari wenye umbo zuri, jua kuna mtu hupanda ngazi kila machipuko na kuvunja vichipukizi kwa vidole, na majira ya kupukutika majani anarudi kung'oa majani makuukuu yaliyo kama sindano, moja moja, ili mwanga upite kati ya matawi. Mti mmoja unaweza kumla fundi siku nzima.

Jiwe refu lililosimama kwenye mchanga, na yale madogo mbele yake, yana maana gani?

Hiyo ni bustani ya changarawe na mawe, iliyozungushiwa ukuta. Jiwe refu ni Buddha. Kisa kinasema alimkuta chui milia jike na watoto wake wakifa njaa, akajitoa mwili wake wawe na chakula. Mawe ya chini yaliyoinama ndiyo wanyama hao. Si lazima ukijue kisa ili uguswe na mpangilio wenyewe: kuna nafasi kubwa tupu pale, na macho yanarudi kwenye jiwe moja kila unapoyapeleka pengine.

Nafasi hiyo tupu ina jina, *ma*. Ni ukimya kati ya mapigo mawili ya ngoma, bila huo hakuna ngoma. Msanifu huupima kama anavyopima mawe.

Kwa nini daraja limepindapinda?

Kuna wanaosema ni kwa sababu mapepo hutembea kwa mstari ulionyooka, hivyo hushindwa kukuandama. Hadithi tamu, waongozaji huisimulia na watoto hucheka. Maelezo yanayoingia akilini zaidi ni ya miguu: kila ubao ukigeuka, na wewe unageuka, na kila unapogeuka unaonyeshwa kitu kingine. Huwezi kuvuka daraja hilo huku unasoma simu.

Ndivyo na mawe ya kukanyagia. Yakiwa madogo na hayalingani, msanifu anataka utazame chini. Ukifika penye jiwe pana, umeruhusiwa kusimama. Inua kichwa, kuna kitu hapo amekuwekea. Jaribu mara moja na utaona jinsi mtu aliyefariki zamani anavyoongoza shingo yako.

Nimekuta jiwe dogo limefungwa kamba nyeusi, limewekwa katikati ya njia. Nini hiki?

Umeambiwa usipite. Linaitwa *sekimori ishi*, jiwe mlinzi. Hakuna bango, hakuna mnyororo, hakuna askari. Napenda kwamba inawezekana kumzuia mtu kwa upole wa kiasi hicho. Geuka urudi.

Ule ukuta mkubwa wa mawe umeshikwa na saruji gani?

Hakuna saruji. Una urefu wa mita 56 hivi na kimo cha zaidi ya mita 5, na mawe yake ni matale (graniti) ya mashariki mwa Oregon. Aliyeuongoza ni Suminori Awata, mwashi wa kizazi cha 15 katika ukoo wa waashi wa Anou, karibu na ziwa Biwa huko Japani, watu ambao mababu zao walijenga kuta za ngome za kivita. Kila jiwe linachaguliwa, linageuzwa, linakaa juu ya mengine kwa uzito wake, na maji ya mvua hupenya kwenye nyufa badala ya kuusukuma ukuta. Pitisha kiganja karibu na maungio, na ujiulize ni mawe mangapi aliyakataa kabla ya kulikubali hilo.

Naweza kunywa chai ya Kijapani?

Mkahawa upo, kwenye jengo jipya lililo ukingoni mwa mteremko, na chai ya matcha utaipata. Hiyo ni tofauti na hafla ya chai. Nyumba ya chai yenyewe, Kashintei, ilijengwa Japani, ikafunguliwa vipande na kuunganishwa tena hapa miaka ya 1960. Siku maalumu huwa na maonyesho ya utaratibu wa chai. Ratiba iko kwenye tovuti.

Njia ya kuiendea ndiyo bustani ya chai. Ina sehemu ya nje na ya ndani, na kila hatua imekusudiwa kukuvua kelele ulizokuja nazo. Utakuta beseni la jiwe lililowekwa chini sana. Mgeni huchuchumaa, ananawa mikono, anasukutua. Tajiri na maskini wote wanachuchumaa, maana beseni halimwinukii mtu.

## Dini na adabu

Mimi ni Mwislamu (au Mlokole). Je, hapa ni mahali pa ibada?

Hapana. Ni taasisi ya kiraia, hakuna ibada inayoendeshwa kwa wageni, hakuna anayekuomba uiname wala uchome ubani. Ila sitakuficha kwamba asili ya vitu vingi utakavyoviona ni ya kidini. Taa za mawe zilitoka kwenye mahekalu kabla ya walimu wa chai kuziingiza bustanini karne ya 16. Changarawe iliyochorwa ni urithi wa watawa wa Zen, na kisa cha chui milia nimekwishakieleza. Mwezi Agosti, siku za O-Bon, taa hueleshwa bwawani kuwakumbuka waliofariki. Ukiona siku hiyo inakutatiza, chagua siku nyingine. Nimewapeleka mashemasi na nimempeleka maalimu mmoja wa madrasa. Huyu wa mwisho aliswali alasiri pembeni mwa Washington Park, kabla hatujaingia, na ndani alikaa mbele ya kuvumwani na maji akimtaja Muumba wake.

Nitupe sarafu kwenye bwawa kwa bahati?

Usitupe. Vyuma huwadhuru samaki wa koi, na fundi ndiye atakayeingia kuzitoa kwenye maji baridi.

Naweza kuokota jani au jiwe la kumbukumbu?

Jiwe kamwe, limewekwa. Jani lililoanguka pia liache: huenda limeachwa makusudi. Mafundi wakati mwingine hufagia njia yote kisha wanayabakiza machache.

## Ya wanaorudi mara ya pili na ya tatu

Hii ni ya Kijapani halisi, au ni ya Marekani iliyovaa kimono?

Juu ya kichwa chako kuna miti mirefu ya Oregon ambayo haioti Japani. Ukuta ni wa mawe ya hapahapa. Ukisimama upande wa mashariki wa uwanja siku isiyo na mawingu, unauona mlima Hood wenye theluji ukielea juu ya maghorofa ya jiji, na waliopanga bustani waliufungulia mwanya makusudi. Wajapani huita hiyo *shakkei*, mandhari ya kukopa: unachukua kilicho mbali, usichokimiliki, unakifanya sehemu ya bustani yako. Kwa hiyo kutumia mlima wa Oregon ndiko kuwa Kijapani. Wangeleta kila jiwe kwa meli kutoka Kyoto na kuuziba mlima kwa ukuta, hapo ndipo ningesema imevaa nguo ya kuazima.

"Wabi-sabi" ni nini? Kila mtu analitaja.

Linatajwa mno, mpaka kwenye matangazo ya mito ya makochi. Ni kupenda kitu kilichozeeka kwa heshima, kisichokamilika, kisichojitangaza. Badala ya kukupa tafsiri nitakuonyesha: tafuta taa ya mawe ambayo kofia yake imeshikwa na kuvumwani upande mmoja tu, ule usiopigwa na jua. Hakuna aliyeisugua. Fundi angeweza kuing'arisha kwa brashi kwa dakika kumi, na angeharibu kazi ya miaka hamsini.

Mti ukizeeka na tawi likielemewa, kwa nini wasilikate tu?

Kwa sababu kwenye bustani za Kijapani nguzo hutafutwa kabla ya msumeno. Tawi linaegemezwa, kamba inafungwa kwa fundo safi, na mti unaendelea. Lipo neno *mottainai*, uchungu wa kuona kitu chenye thamani kinapotea bure. Neno hilo sisi tunalo kwa njia ya mtu wetu: Wangari Maathai alikutana nalo alipozuru Japani Februari 2005, akalipenda, akaanza kulibeba kwenye hotuba zake duniani kote. Mwanamke wa Nyeri aliyepanda miti kwa maisha yake yote alilitambua neno hilo mara moja.

Nataka kutengeneza kidogo nyumbani. Nianzie wapi?

Anza na jiwe moja, siyo kumi, na ulifukie theluthi moja ardhini. Jiwe lililowekwa juu ya udongo huonekana limeletwa jana na lori. Lililofukiwa huonekana lilizaliwa hapo. Acha nafasi kubwa kulizunguka. Panda kitu kimoja cha kijani karibu yake, kile kinachoota kwenu bila kubembelezwa. Usinunue taa ya plastiki wala daraja jekundu. Kisha fagia kila asubuhi. Kama una ufagio wa njukuti, tayari una chombo muhimu kuliko vyote.

Nilienda, nikamaliza kwa dakika ishirini, sikuona kitu. Nilikosea wapi?

Ulitembea tu. Rudi, na safari hii nenda moja kwa moja kwenye jengo kubwa la mbao lililo mbele ya bustani tambarare. Lina baraza ndefu upande huo. Keti. Mbele yako ni changarawe nyeupe iliyochorwa, na ndani yake visiwa viwili vya kijani: kimoja cha duara kama kikombe, kingine kwa umbo la kibuyu cha pombe ya mchele, ishara za kumtakia mgeni heri. Kushoto kuna sakura mzee anayening'iniza matawi, huyo ni wa machipuko. Kulia kuna mepo wa zaidi ya miaka mia, huyo ni wa majani kupukutika. Misonobari ni ya baridi, na changarawe, ambayo ni maji, ni ya joto. Mwaka mzima uko mbele ya magoti yako.

Dakika kumi za kwanza utachoka. Utatamani simu. Baada ya hapo utaanza kuona kwamba mistari ya changarawe inabadilika kivuli jua linapojificha, na kwamba sauti uliyodhani ni upepo ni maporomoko ya maji ya upande wa pili wa miti. Mara ya mwisho niliketi hapo na mama mkwe, alitoka fundi mmoja na kikapu. Alisimama ukingoni, akatazama, akainama, akaokota jani moja, akaondoka. Mama mkwe akaniambia, "Lile la pale nyuma ameliona, ila ameliacha." Nikaangalia. Lilikuwepo, jekundu, limelala kwenye mstari wa tatu.